Sura ya Sita: Mwandishi wa Tarehe Katika Kiti cha Liwali

Mwezi wa Aprili 1917, ilhali haijatimia miezi miwili tangu Kaisari Nicholas wa Pili aachie kiti chake, Serikali ya Muda iliyokaa Petrograd, ambayo ilikuwa imerithi dola kubwa pamoja na vita vyake, madeni yake na njaa yake, ilimteua mtu wa kutawala nchi ambayo kwa kanuni za mataifa haikuwa ya Urusi hata kidogo, nayo ni vipande vya Galicia na Bukovina vilivyokuwa milki ya Maliki wa Austria, na ambavyo Urusi ilivishika kwa nguvu ya mizinga tu. Mteule huyo hakuwa jenerali, wala mtu wa nasaba ya mawaziri, wala mwanasheria aliyekomaa katika mabaraza. Alikuwa Dmytro Doroshenko, mwalimu wa historia mwenye umri wa miaka 35, ambaye hadi siku hiyo alijulikana zaidi kwa makala zake na kwa faharasa za vitabu vya Kiukraine alizozikusanya. Alipewa cheo cha kamisaa wa jimbo zima, na ndani ya cheo hicho madaraka ya gavana mkuu. Haikupita miezi minne jimbo lenyewe likawa limekwisha kumponyoka mikononi.

Katika muda usiotimia miaka miwili alikabidhiwa dhamana tatu za namna hii, na zote tatu alizipokea wakati ambapo yule aliyempa alikuwa hana hakika ya kumiliki anachokitoa. Kwa sababu hiyo wako waliomhesabu kuwa ni mwanasiasa aliyeshindwa, akaenda kujificha vitabuni. Mimi naona vinginevyo. Alikuwa liwali mwema kuliko alivyosifiwa, na mwanasiasa dhaifu kuliko alivyojijua, na chanzo cha yote mawili ni kimoja, maana tabia ya mwandishi wa tarehe, ambaye humsikiliza kila shahidi kabla ya kutoa hukumu, humfaa mno mtu anayetawala raia, na humdhuru mno mtu anayegombea madaraka na wenziwe.

Doroshenko alizaliwa tarehe 8 Aprili 1882 katika mji wa Vilnius, mbali na nchi ya wazee wake, kwa kuwa baba yake alikuwa tabibu wa mifugo katika jeshi la Kaisari, na watumishi wa jeshi huzaa watoto wao popote walipopelekwa. Alisoma katika vyuo vikuu vitatu, Warsaw, St. Petersburg na hatimaye Kyiv, ambako alihitimu mwaka 1909, akiwa amechelewa kuliko wenziwe wengi; na kuchelewa huko hakukuwa kwa uzembe, bali kwa sababu alikuwa mmoja wa vijana waliotumia wasaa wao mwingi katika magazeti na jumuiya za Kiukraine zilizochipuka baada ya ghasia za mwaka 1905. Ili kufahamu jambo hilo lilikuwa na uzito gani, yafaa kukumbuka kwamba tangu mwaka 1876 amri ya Kaisari ilikuwa imezuia kuchapa na kuingiza nchini vitabu vya Kiukraine, isipokuwa kwa vibali vya nadra, hata mtoto wa mkulima aliyezaliwa ukingoni mwa mto Dnipro hakuweza kusoma shuleni neno moja la lugha ya mama yake. Mtu aliyekusanya faharasa za vitabu katika hali hiyo hakuwa anacheza mchezo wa makarani. Alikuwa anatayarisha ushahidi kwamba taifa lile lipo.

Baada ya kuhitimu alikwenda kusomesha katika mji wa Katerynoslav, ambao leo unaitwa Dnipro. Huko alikuwa karibu na Dmytro Yavornytsky, bingwa wa tarehe ya Wakosaki, na akashika kazi kubwa katika jumuiya ya Prosvita, iliyokuwa ikifungua vyumba vya kusomea na kupeleka vitabu vijijini, huku polisi wakiiangalia kwa jicho la shaka kila siku. Mwaka 1913 alihamia Kyiv kuwa katibu wa Jumuiya ya Kiukraine ya Elimu, na huko ndiko vita vikuu vya kwanza vilikomkuta.

Hapa sina budi kutulia kidogo, kwa sababu haiwezekani kuupima uliwali wa Doroshenko bila ya kujua maliwali waliomtangulia walikuwa watu gani. Majeshi ya Urusi yaliingia Lviv mwanzoni mwa Septemba 1914, na kwa muda wa takriban miezi kumi Count Georgy Bobrinsky alikaa huko kama gavana mkuu, akiwa na itikadi kwamba wenyeji wa Galicia ya mashariki ni Warusi waliosahau asili yao, na kwamba dawa ya kusahau ni kufungiwa shule, magazeti na vyama vyao hadi wakumbuke. Askofu Evlogy aliletwa kuwageuza waumini wa kanisa la Kigiriki lililo chini ya Papa wawe Waorthodoksi; na Metropolitani Andrei Sheptytsky, aliyekuwa mkuu wa kanisa hilo na mtu wa haiba kubwa katika nchi nzima, alikamatwa, akahamishiwa ndani ya Urusi, asifunguliwe hadi mapinduzi ya 1917. Nyuma yake walifuata mapadre, walimu, wakulima na Mayahudi, waliochukuliwa kwa magari ya moshi kupelekwa mashariki, wengi wao hadi Siberia, na wengi hawakuambiwa kosa lao.

Misafara hiyo ilipita Kyiv. Doroshenko, aliyekuwa ameingia katika Muungano wa Miji, chama kilichoshughulika na misaada ya vita, alikuwa miongoni mwa Waukraine waliojitwika kuwatafutia mahabusu hao chakula, nguo na vibali, wakati ambapo kuonekana unasema nao kulitosha kukutia mashakani. Kwa hiyo aliijua Galicia kwanza kwa njia ya watu wake walionyang'anywa nyumba, kabla hajakabidhiwa nyumba zenyewe. Miaka sita baadaye, alipoanza kuchapisha kumbukumbu zake huko Lviv, sehemu ya kwanza, iliyohusu miaka ya 1914 hadi 1917, aliipa jina lenye maana ya maangamizi ya Galicia.

Mapinduzi yalipotokea, Serikali ya Muda iliwafuta magavana wa Kaisari kwa amri moja, ikaweka makamisaa mahali pao. Na Rada Kuu, yaani baraza la Waukraine, iliyokuwa imeundwa Kyiv, ambayo Doroshenko alikuwa mmoja wa waasisi wake, ikasisitiza kwamba nchi za Waukraine zilizotekwa kutoka Austria zisiongozwe tena na watu wa aina ya Bobrinsky. Huo ndio ufa ambao uteuzi wake ulipitia. Wasaidizi wake wakuu wawili walitoka katika mzunguko huo huo wa wasomi: Oleksandr Lototsky alipewa Bukovina, na Ivan Kraskovsky akapewa upande wa Ternopil.

Chernivtsi, mji mkuu wa Bukovina, ulikuwa umetekwa na Warusi mara ya tatu, mwezi wa Juni 1916, katika mashambulizi ya Jenerali Brusilov, na mji ulioshikwa na kuachwa mara mbili kabla hauna imani na bendera yoyote. Ulikuwa mji wa Waukraine, Waromania, Mayahudi, Wajerumani na Wapolandi, wenye chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1875 kwa jina la Maliki Franz Joseph, na kasri ya matofali mekundu ya askofu mkuu wa Kiorthodoksi, ambayo mtu akiitazama leo, ikiwa ndiyo makao ya chuo kikuu hicho, hufahamu mara moja kanisa lile lilikuwa na mali kiasi gani. (Shani ya mambo ni kwamba mkoa huo wa Chernivtsi ulipata tena liwali aliyetoka katika utafiti wa historia, Serhiy Osachuk, mtu wa chuo kikuu cha mji huo, aliyeushika kuanzia mwaka 2019 hadi Julai 2022, wakati vita vingine vilikwisha kuanza.) Katika mji kama huo hata swali la leo ni tarehe ngapi lilikuwa na siasa ndani yake, maana kalenda ya Urusi ilikuwa nyuma ya kalenda ya Austria kwa siku 13, na mwenyeji aliyeandika barua alionyesha utiifu wake kabla hajafika katika salamu.

Kazi aliyoifanya Doroshenko, kwa kuisema kwa ufupi, ilikuwa kufumua yaliyoshonwa. Waliohamishwa kwa dhuluma walianza kuruhusiwa kurejea; lugha ya wenyeji ikarudishwa shuleni na katika afisi; na palipowezekana pakawekwa watumishi Waukraine mahali pa wale walioletwa kutoka ndani ya Urusi, ambao aghalabu waliichukulia Galicia kuwa ni mahali pa kujipatia. Walakini jimbo lake lilikuwa ni mgongo wa medani ya vita. Neno la mwisho juu ya reli, nafaka na magari lilikuwa la majenerali, na majenerali nao, tangu mapinduzi, walikuwa hawana neno la mwisho juu ya askari wao, ambao sasa walikuwa na kamati zao za kujadili kila amri. Kamisaa aliyetaka kumlinda mkulima mmoja asinyang'anywe farasi wake alipaswa kupatana kwanza na afisa, kisha na kamati ya kikosi, kisha kuomba Mungu kikosi kisibadilishwe kesho yake.

Tarehe 1 Julai 1917 Serikali ya Muda ilianzisha mashambulizi makubwa katika medani hiyo hiyo, kwa kutaraji kwamba ushindi utarudisha nidhamu. Siku za kwanza zilileta faraja. Mji wa Kalush ulitekwa. Kisha Wajerumani na Waaustria wakarudisha pigo tarehe 19 Julai, na jeshi la Urusi likaporomoka kwa namna ambayo Ulaya haijapata kuiona katika vita vile, askari wakikimbia, wakipora na kuchoma miji waliyokuwa wameishika jana, Kalush ikiwa miongoni mwa ile iliyoteseka zaidi. Ternopil ulianguka kabla ya mwisho wa mwezi, na tarehe 3 Agosti Waaustria wakaingia Chernivtsi. Uliwali wa kwanza ukaishia hapo. Katika hesabu ya matokeo yanayoshikika hakuna kilichosalia. Lakini kwa familia ambayo mtu wake alirudi nyumbani kutoka Siberia kabla ya vita kurudi mlangoni, hesabu ni nyingine.

Mambo yaliyofuata huko Kyiv ndiyo yanayoonyesha udhaifu niliokwisha kuutaja. Tarehe 17 Agosti Serikali ya Muda ilitoa Maelekezo yake, yaliyoipunguza Ukraine ikawa mikoa mitano, Kyiv, Volhynia, Podolia, Poltava na Chernihiv, tena mkoa wa Chernihiv ukakatwa wilaya nne za kaskazini, Mglin, Surazh, Starodub na Novozybkov. Volodymyr Vynnychenko, mtunzi wa riwaya aliyekuwa akiongoza Sekretarieti Kuu, ambayo ndiyo iliyokuwa serikali ya nchi, alijiuzulu, na Rada ikamchagua Doroshenko aunde serikali mpya. Basi hapa palikuwa na waandishi wawili wa tarehe katika chumba kimoja, kwa kuwa rais wa Rada alikuwa Mykhailo Hrushevsky, mwanazuoni mkubwa kuliko wote, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa na wanafunzi wake. Hrushevsky alitaka sekretarieti iwe mkono wa Rada. Doroshenko alitaka mkono huo uwe na uhuru wa kushika kalamu wenyewe. Wakatofautiana, na siku chache tu baada ya kuchaguliwa Doroshenko akarudisha dhamana. Vynnychenko akarejea katika kiti chake.

Kuna wanaomsifu kwa kitendo hicho, wakisema hakuwa na tamaa. Ni kweli hakuwa na tamaa, lakini sioni kwamba ukosefu wa tamaa unatosha kuwa udhuru. Nchi ilikuwa inahitaji mtu mwenye busara ya serikali kuliko ilivyohitaji mtu mwingine wa kuhutubia, na mtu huyo, alipopingwa, aliondoka kwa heshima. Wapinzani wake hawakuondoka.

Kutoka hapo akachukua dhamana ya pili, ukamisaa wa mkoa wa Chernihiv, yaani mkoa ule ule uliokatwa pembe zake na Maelekezo ya Agosti. Hii ilikuwa nchi ya wazee wake hasa, maana ukoo wa Doroshenko ulikuwa wa masharifu wa Kikosaki wa wilaya ya Hlukhiv, na katika nasaba hiyo walitoka mahetmani wawili, yaani majemadari watawala wa Wakosaki. Mashuhuri kati yao ni Petro Doroshenko, aliyetawala kuanzia mwaka 1665 hadi 1676, na ambaye, akiwa amebanwa baina ya Poland na Moscow, aliona heri kuingia katika himaya ya Sultani Mehmed wa Nne wa Istanbul mwaka 1669. Miaka mitatu baadaye majeshi ya Sultani yakaiteka ngome ya Kamianets, na hetmani akajikuta ni mshirika wa dola kubwa ya Kiislamu mbele ya raia Wakristo waliotozwa gharama ya vita hivyo, wakaanza kumkimbia kwa maelfu kuvuka mto Dnipro. Mwaka 1676 alisalimisha alama zake za utawala kwa Moscow. Warusi hawakumwua, walimfanya liwali wa Vyatka, mbali sana kaskazini, ambako alihudumu kuanzia 1679 hadi 1682 kwa watu asiowajua, na chini ya mfalme aliyekuwa amempiga vita.

Mjukuu wa ukoo huo alikisoma kisa hicho maisha yake yote. Mwaka 1933 huko Prague, pamoja na Jan Rypka, mwanazuoni Mcheki aliyezijua lugha za Mashariki, alitoa kazi juu ya siasa ya Kituruki ya hetmani huyo. Na kitabu chake kikubwa juu ya Petro kilichapishwa New York mwaka 1985, miaka 34 baada ya mwandishi kufa. Akiwa Chernihiv, hata hivyo, hakuwa na nafasi ya kusoma nyaraka. Mji huo wa kale, ambao kanisa lake kuu la Mwokozi lilianza kujengwa katika karne ya 11, ulikuwa kwenye njia ya kwenda Kyiv kwa yeyote ajaye kutoka kaskazini. Na tangu Januari 1918 waliokuja kutoka kaskazini walikuwa Wabolsheviki.

Dhamana ya tatu inanitia taabu kuliko zile mbili. Mwisho wa Aprili 1918, Wajerumani wakiwa wameijaza Ukraine kwa majeshi yao kwa mujibu wa mapatano ya Brest-Litovsk, Rada ilipinduliwa, na Jenerali Pavlo Skoropadsky akatangazwa kuwa hetmani. Wasoshalisti karibu wote walikataa kumtumikia. Doroshenko alikubali, akawa waziri wa mambo ya nje kuanzia Mei hadi katikati ya Novemba. Hoja yake haikuwa dhaifu: dola iliyopo, ijapokuwa imeegemea mkongojo wa mgeni, ni bora kuliko dola isiyokuwapo, na kama Waukraine hawatajaza viti vya wizara, watavijaza Warusi. Serikali ile kweli ilipeleka mabalozi, ikafungua vyuo vikuu, ikaanzisha Chuo cha Sayansi ambacho kipo hadi leo. Lakini upande wa pili vilikuwapo vikosi vya adhabu vilivyokwenda vijijini kuwapiga wakulima na kurudisha ardhi kwa mabwana, na nafaka iliyochukuliwa kwa nguvu ya bunduki za Wajerumani; na msomaji wa vitabu vya Doroshenko atayakuta mambo hayo yametajwa, ila yametajwa kwa kalamu nyepesi zaidi kuliko ile aliyoitumia kumwandika Bobrinsky.

Katika wizara hiyo alikutana tena na jimbo lake la kwanza, kwa sura nyingine. Huko Brest-Litovsk Austria ilikuwa imeahidi kwa hati ya siri kwamba Galicia ya mashariki na Bukovina zitaunganishwa kuwa jimbo moja lenye mamlaka yake ndani ya milki ya Maliki, kabla ya mwisho wa Julai 1918. Mwezi huo wa Julai ulipofika Austria iliitangua ahadi. Waziri aliyepaswa kupinga utanguzi huo alikuwa mtu yule yule ambaye mwaka mmoja nyuma alizitawala nchi hizo mbili kwa jina la adui wa Austria, na sidhani kama palikuwa na mtu mwingine Kyiv aliyejua kwa kuona kwa macho ni nini kilichokuwa kikipotea. Kabla mwaka haujaisha Bukovina ilichukuliwa na Romania, Galicia ikawa medani ya vita baina ya Waukraine na Wapolandi, na Hetmani Skoropadsky akakimbilia Ujerumani.

Mwaka 1919 Doroshenko alisomesha kwa muda katika chuo kikuu kipya cha Kamianets-Podilskyi, kisha akatoka nchini, asirudi tena. Yaliyobaki ni ratiba ya mhamiaji msomi: Chuo Kikuu Huru cha Kiukraine, kilichoanzia Vienna kikahamia Prague mwaka 1921, Taasisi ya Elimu ya Kiukraine mjini Berlin, aliyoiongoza kuanzia 1926 hadi 1931, kisha Warsaw, katika kitivo cha teolojia ya Kiorthodoksi, hadi vita vya pili.

Lililo la kutazamwa zaidi ni kitabu chake juu ya mapinduzi, kilichopewa jina la tarehe ya Ukraine kuanzia 1917 hadi 1923. Juzuu ya pili, inayohusu hetmani na serikali ambayo mwandishi alikuwa waziri wake, ilitoka kwanza, mwaka 1930 mjini Uzhhorod. Juzuu ya kwanza, inayohusu Rada, ikafuata mwaka 1932. Na hizo nyingine ambazo zingetimiza ahadi ya kufika 1923 hazikuandikwa kabisa. Mtu aweza kusema alikimbilia kujitetea. Mimi naongeza kwamba alijitetea kwa namna ambayo mwanasiasa wa kawaida haiwezi: alitia nyaraka kwa wingi, hata zile zinazowafaa wapinzani wake, na mpaka leo anayetaka kuishambulia serikali ya Skoropadsky hupata silaha nyingi ndani ya kitabu cha waziri wake. Muhtasari wake mkubwa wa historia ya taifa zima, uliotoka Warsaw kwa juzuu mbili mwaka 1932 na 1933, ulitolewa kwa Kiingereza Edmonton mwaka 1939, ukasomwa na watoto wa wahamiaji wa Kanada ambao hawakupata kuiona nchi hiyo, wakati ndani ya Ukraine ya Kisovieti kuwa nao lilikuwa ni kosa.

Vita vya pili vilipokwisha, wanazuoni waliokimbia mbele ya Jeshi Jekundu walikusanyika Augsburg, mji wa Bavaria uliojaa makambi ya wakimbizi, na mwezi wa Novemba 1945 wakaunda Chuo Huru cha Sayansi cha Kiukraine, wakamchagua Doroshenko kuwa rais wake. Mwaka 1947 alivuka kwenda Winnipeg kusomesha. Mwaka 1950, afya yake ikiwa imeharibika, akarudi Ulaya. Alifariki Munich tarehe 19 Machi 1951, akiwa bado anashika urais wa chuo hicho.